Kioo Kilichokuja kwa Posta

9 Februari

Mjomba, shikamoo.

Mimi nipo, nimechoka tu kama kawaida, kwa hiyo hilo tulipite. Nilimpigia Mama juzi akaniambia goti limepungua uvimbe, lakini kwa Mama goti hupona kila simu ikiita. Niambie wewe ukweli wake.

Najua unaigeuzageuza hii bahasha ukijiuliza nani amekufa. Hajafa mtu. Ni kwamba mara tatu mfululizo tumekatiana simu kwa ajili ya nyaya, na mara ya mwisho uliniambia nina kelele kuliko msumeno. Basi tuandikiane. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza, na maelekezo utayabandika ukutani badala ya kuniuliza kitu kimoja mara kumi.

Kwenye boksi kuna kioo cha kugusa. Ukubwa wake ni kama daftari la shule lililofunguliwa, na kompyuta ndogo iko mgongoni mwake. Hicho ndicho kitachukua nafasi ya kompyuta yangu ya zamani iliyokufa kwa vumbi la mbao. Mashine yenyewe haibadiliki. Meza, reli, mota tatu za kusogeza kichwa na ile ya kukatia inayozungusha biti, vyote ni vilevile tulivyoviunganisha mimi na wewe ile likizo ndefu, huku ukiapa kwamba hakuna mashine ya kuchonga mbao iliyowahi kuundwa na watu wawili na bisibisi moja.

Zima umeme kwanza. Si kwenye swichi, Mjomba; chomoa plagi uiweke mezani uione. Boksi la chuma lifungwe kwenye mguu wa meza, usawa wa kifua chako. Kebo bapa inaingia upande mmoja tu. Ikikataa usiilazimishe, igeuze. Nyaya nimezifunga vikaratasi namba moja hadi tisa, na matundu nayo yana namba, kwa hiyo hata mtoto wa chekechea anaweza. Kitufe chekundu cha dharura kifunge pale kinapofikika hata kwa kiwiko. Kadi ndogo iliyo ubavuni ndiyo yenye programu, na ya pili iliyo kwenye kibahasha ni ya akiba. Vitufe vya kwenye kioo nimeviandika kwa Kiswahili kimoja kimoja, jioni baada ya kazi, kwa hiyo usije ukasema hukuelewa.

Mwezi wa nne nakuja mwenyewe tukimalizie pamoja.

Mpwa wako,
Msumari


3 Machi

Msumari, marahaba.

Mwanamke mzima, fundi mitambo wa kiwanda kizima, na mimi bado nakuita Msumari. Vumilia. Ulikuwa mwembamba, na hata ukigongwa ulikuwa hupindi.

Goti la mama yako halijapungua hata kidogo. Huyo dada yangu anashuka ngazi kinyumenyume akishika ukuta, na akiulizwa anasema anahesabu vidato. Kwingine tuko salama. Bati la karakana linavuja pale pale, ndoo iko pale pale.

Sasa nisikilize, maana kuna jambo sikukuambia kwenye simu. Nimepokea kazi. Milango sita ya ukumbi mpya, na ifike kabla mwezi wa nane haujaisha. Msimamizi wa ukumbi alikuja mwenyewe mpaka nyumbani, akaupapasa mlango wetu wa sebuleni, ule niliouchonga majani mwaka uliozaliwa wewe, akasema, "Fundi, nataka majani haya haya, usiniletee mengine." Nikamwambia utayapata. Na huku Mchomeleaji wa jirani anakitaka hiki chumba changu. Kila asubuhi anasimama mlangoni na kikombe chake, anapima kwa macho mitungi yake ya gesi ataiweka wapi. Juzi alinichokoza mbele ya watu, eti karakana imekuwa makumbusho. Nikamjibu mbele ya watu hao hao: hii milango sita ikinishinda, funguo nakukabidhi mwenyewe kwa mkono wangu. Nimeshasema. Kwa hiyo elewa hiki kioo chako kimekuja kwenye nyumba yenye vita.

Usidhani mkono umeshindwa. Mkono mzima. Ni kazi kuwa nyingi na siku kuwa chache, basi.

Kioo nimekifunga. Kimewaka, lakini picha imesimama kichwa chini, nasoma nikiwa nimeinamisha shingo kama kuku anayesikiliza. Kisha kikaniambia niguse misalaba minne kwenye pembe. Nimeigusa. Kikaniambia nirudie. Nimerudia mara saba, nikakiambia maneno ambayo mama yako alifunga mlango asiyasikie. Kilipokubali, nikagusa ANZA. Kikaanza, kikasimama, kikaanza tena. Nagusa mara moja, kinahesabu tatu. Hiki kioo chako kina kigugumizi. Ulikinunua wapi?

Mjomba wako


20 Machi

Mjomba, shikamoo.

Barua yako imefika Jumatatu nikaisoma kwenye foleni ya chakula, nikacheka peke yangu hadi mpishi akaniuliza kama niko sawa. Mwambie Mama vidato ni kumi na vinne, havijaongezeka, aende kwa daktari.

Picha iko kichwa chini kwa sababu boksi umelifunga kichwa chini. Usilifungue. Nenda kwenye MIPANGILIO, gusa GEUZA, imekwisha.

Kuhusu kigugumizi: pangusa kioo kwa kitambaa kikavu, si kwa ile fulana yako ya gundi. Osha vidole. Hakikisha ule waya wa kijani umeshika chuma cha meza sawasawa, maana umeme usiotulia hufanya kioo kijione kimeguswa hata kisipoguswa. Ukishafanya hayo na bado kinarudiarudia, toa kadi ya ubavuni unitumie, uweke ile ya akiba. Kioo kinaandika kumbukumbu ya kila kinapoguswa. Nitaisoma nijue kinaumwa nini. Fimbo ya mbali haiui nyoka, lakini ndiyo niliyo nayo.

Milango sita! Ungeniambia mapema ningekuandalia majani vizuri zaidi. Kwenye kadi kuna lile jani moja nililolipima kwenye mlango wa sebuleni ile likizo, nukta kwa nukta. Litatumika hilo. Mlango wa kwanza kata taratibu, robo ya kasi.

Mwezi wa nne sitaweza. Kuna ukaguzi kiwandani na hakuna anayeruhusiwa kutoka. Mwezi wa sita nina uhakika.

Msumari


28 Aprili

Msumari.

Salamu ziko, ila leo zimenikaa kooni.

Nilitaka kukujibu mapema nikasema ngoja nimalize mlango wa tatu nimpe habari njema. Wa kwanza ulitoka. Wa pili ulitoka, pamoja na kile kigugumizi, nikikivizia kioo kama mtu anayemkamata panya. Jumanne nikaweka wa tatu mezani. Ubao ule ulikauka kivulini miaka miwili, hauna fundo hata moja. Nusu ya majani ilikuwa imeshatoka. Nikasimamisha kazi nipulize vumbi, mota ya kukatia ikiwa bado inazunguka. Nikataka kichwa kisogee kidogo kuelekea dirishani nione vizuri. Nikagusa CHINI.

Sikuona kikisogea. Nikagusa tena, na tena. Kumbe kilikuwa kinazama. Kimetoboa jani, kimetoboa ubao, kimefika kwenye meza, biti ikakatika, kipande kikapita hapa karibu na sikio nikasikia upepo wake. Kitufe chekundu nilikigonga kwa kiwiko kama ulivyoandika. Mama yako alikuja mbio, na lile goti lake, akanikuta nimekaa sakafuni.

Sasa mimi nakuuliza wewe. Chini ni wapi kwenye karakana hii? Umekulia humu. Sakafu imeinama tangu siku ilipomwagwa. Mlangoni ni juu, dirishani ni chini. Gololi zako zikidondoka mlangoni ulikuwa unaziokotea dirishani. Miaka thelathini nasema "vuta juu", "sukuma chini", na ncha ya pili ya ubao ulikuwa unaishika nani kama si wewe? Hakuna mtu aliyewahi kusimama humu ndani akasema chini akimaanisha kitu kingine. Na kwenye kioo chako umeandika MBELE na NYUMA. Mbele ya nani? Nyuma ya nani? Maneno hayo ni ya huko kiwandani kwenu.

Umenitia mchanga kwenye kitumbua, mwanangu. Na Mchomeleaji alisikia ule mlio akaja kusimama mlangoni na kikombe chake. Alipima chumba kwa macho. Ningependa angenichokoza.

Kadi hii hapa. Isome utakavyo.

Mjomba


16 Mei

Mjomba, shikamoo. Mama shikamoo naye, najua anasomewa.

Nimeisoma barua yako mara nyingi na kila mara nafika pale kwenye gololi nashindwa kuendelea. Ni kweli. Nimesahau. Nilipokuwa naandika vile vitufe nilijisifu kabisa kwamba natumia maneno ya nyumbani. Nikaandika JUU na CHINI nikiwa nafikiria biti inavyopanda na kushuka, kama mtu yeyote wa mtaani angefikiria. Halikunijia hata kidogo. Ningekuua kwa neno nililolijua nikiwa na miaka mitano. Nisamehe, Mjomba. Sina la kujitetea.

Lakini kadi nimeisoma, na sasa ni zamu yangu kukuuliza.

Kila mguso umeandikwa na saa yake. Mwanzoni nilikasirikia kiwanda kilichotengeneza kioo, nikaanza hata kuwaandikia. Halafu nikaangalia vizuri. Kidole kinashuka, kinaondoka, kinarudi pembeni kidogo, kinaondoka, mara kadhaa ndani ya sekunde moja, kwa mwendo ule ule. Asubuhi mara mbili. Saa kumi jioni mara tano. Siku uliyofanya kazi bila kupumzika, mara sita. Kioo kibovu hakijui saa, Mjomba. Kinachochoka jioni ni mtu.

Kioo hakina kigugumizi. Ni mkono wako wa kulia unaotetemeka. Tangu lini? Na Mama anajua? Na ulipopokea ile kazi ya milango ulikuwa unajua? Usinijibu kwamba mkono mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Jumanne ile kilikuwa kimeshapiga hodi.

Kwenye bahasha hii kuna kadi mpya. Nimebadilisha kila kitu. Kila ukurasa una vitufe vinne tu, vikubwa kama kiganja. Ukigusa, unashikilia, duara litajaa polepole, likijaa ndipo kichwa kitatembea. Kidole kikirukaruka juu ya kitufe kile kile, kioo kitahesabu ni mguso mmoja. Hakuna JUU wala CHINI popote. Kuna MLANGONI na DIRISHANI. Kwa kwenda ubavuni kuna RAFU na JILIWA, kama rafu na lile jiliwa la kubania mbao hujavihamisha. Biti ina INUA na ZAMISHA, na ZAMISHA ina rangi nyekundu, na mota ikiwa inazunguka itakuuliza mara mbili.

Ijaribu kwenye kipande cha ubao mbovu kwanza. Tafadhali.

Msumari


11 Juni

Msumari, marahaba.

Rafu na jiliwa viko pale pale. Vingeenda wapi?

Haya. Umenikamata. Nimewahi kudanganya wateja, nimemdanganya mama yako, na kumbe karani wangu mwenyewe alikuwa kwenye kioo anaandika. Ni tangu mwaka jana. Kilianza kikombe kugongana na kisahani. Mama yako alikuwa anaongeza sauti ya redio ili nisijue kwamba amesikia. Mwezi uliofuata patasi ikateleza. Ukaja wakati nikawa siwezi kumaliza jani moja bila kuliharibu, nikawa nafunga mlango na kuranda mbao zisizo na mteja, kusudi wapita njia wasikie kwamba fundi yupo kazini.

Daktari alinipa jina la ugonjwa, refu, sikulishika. Nikamuuliza unaua? Akasema hauui, unachosha tu. Nikamwambia basi umeniambia kitu nilichokuja nacho.

Ndiyo, nilijua nilipopokea ile kazi. Ningemwambia nini yule msimamizi, na mkono wake uko juu ya majani yangu? Nilisema moyoni mashine ipo, Msumari ataleta kioo, nitasema ni wingi wa kazi. Mtu akiulizwa kwa nini anatumia mashine ni afadhali aseme ana haraka kuliko aseme amekwisha. Umri huu nimechoka kuonewa huruma kabla haijaanza.

Hasira ile ya mwezi wa nne, nusu yake haikuwa yako. Ulisahau neno, kweli. Lakini mkono mzima ungegusa mara moja, ukaona kosa, ukaacha. Wangu uligusa mara tano. Hiyo nimekuwa nikijua tangu nilipokaa pale sakafuni.

Kadi nimeiweka. Nimegusa DIRISHANI, nikashikilia, duara likajaa, kichwa kikaenda dirishani. Nikagusa MLANGONI, kikaja mlangoni. Nimefanya hivyo mara nyingi bila kukata chochote, kama mtu anayewasha na kuzima taa. Mama yako alikuwa amesimama nyuma yangu anapiga makofi, nikamfukuza.

Mlango wa tatu nimeanza upya. Ubao si mzuri kama ule, ila utakubali.

Mwezi wa sita ndio huu. Hujasema chochote.

Mjomba wako


30 Juni

Mjomba, shikamoo.

Asante kwa kuniambia. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo wanavyosema. Mimi niliubeba wako hivyo hivyo, kwa karatasi na kadi, nikijiona namsaidia mtu. Hapa kazi imezidi, mota za ukanda wa tatu zinaungua kila wiki na mimi ndiye naitwa. Nalala nikisikia mlio wake. Lakini si hilo ninalotaka kusema.

Wewe umesema lako, na mimi nina langu. Mwezi wa sita siji. Mwezi wa nne nao sikuwa naja. Ule ukaguzi ulikuwepo, lakini ulikuwa wa siku mbili.

Mwezi wa kwanza kiwanda kilinipa mkataba mpya wa miaka mitatu. Niliusaini bila kumwambia mtu. Ukisaini huo hupewi likizo ndefu hadi mwaka wa kwanza uishe. Kioo nilikinunua wiki ile ile niliyosaini, na ile barua ya kwanza niliyoandika "nakuja mwenyewe" niliiandika nikijua kabisa. Nilidhani nikikutumia kitu kizuri sana hutauliza niko wapi. Kila ulipoandika kwamba kina kasoro, nilifurahi kidogo, kwa sababu nilipata cha kurekebisha. Hata sasa nafikiria kukutengenezea kingine, kinachosikiliza sauti.

Mama hajui. Nilitaka kumwambia kwa simu, nikaishia kuuliza habari za goti.

Kasirika tu, ni haki yako. Ila maliza milango kwanza.

Msumari


2 Septemba

Msumari, marahaba.

Nimekaa miezi miwili bila kukujibu. Posta haina kosa. Nilikuwa nakata milango, halafu nilikuwa nimenuna, halafu nilikuwa nimechoka kununa.

Mama yako nimemwambia mimi. Alilia kidogo, akauliza kama huko mnapewa chakula kizuri, akaenda kwa daktari wa goti siku iliyofuata bila kusukumwa na mtu. Sijui vilihusiana vipi.

Milango imekwisha. Sita. Tuliibeba kwa gari la Mchomeleaji, na yeye mwenyewe alishika ncha moja ya kila mlango, hakusema neno kuhusu chumba. Siku ya kuifunga msimamizi alikusanya watu. Akapapasa majani, akanishika huu mkono wa kulia mbele yao wote, akasema, "Mkono wa fundi hauzeeki." Nami niliufungia mkono huo kwenye kiganja chake usitetemeke, nikacheka. Funguo za karakana zimebaki mfukoni mwangu. Ningepaswa kufurahi, sivyo?

Nilirudi nikasimama mbele ya mlango wetu wa sebuleni. Msumari, majani yale ya ukumbi yamekufa. Yanafanana yote kama sare za shule. Kwenye jani langu kuna kijipindo pale karibu na ncha, patasi inaingia, inalala, inatoka kwa kuinuka. Hakuna mawili yaliyolingana. Wewe ulipima jani moja nukta kwa nukta, na mashine imelirudia mara mia mbili, na wala sikulaumu, maana uliponiuliza siku ile "unafanyaje hapa?" nilikujibu "mkono unajua". Nilijibu kwa kiburi. Sasa mkono haujui tena, na mimi nikijiuliza hapo nilifanyaje, sina jibu la kuandika kwenye barua. Mtu akishika patasi naweza kumwonyesha, kwa kumshika kifundo cha mkono, kumwambia laza, sasa inua. Lakini sina wa kumshika. Nilikuwa naye mmoja, nikamwambia kichwa chake ni cha hesabu, aache patasi, ashike ncha ya ubao. Alikuwa na miaka kumi na mbili na alikuwa anaomba kila siku. Hilo ni kosa langu, si la kiwanda chenu.

Mkono wa kushoto nao umeanza. Mdogo mdogo, jioni tu.

Umeandika unafikiria kunitengenezea kinachosikiliza sauti, niseme tu na mashine itii. Sikitaki. Kioo ni kizuri, nakishukuru, kimeniokoa mbele za watu. Ila usinitumie tena kitu kwa posta. Ukiwa na kitu kingine cha kunitumia, kije na miguu yake.

Mjomba wako


20 Septemba

Mjomba, shikamoo.

Nimeenda kwa meneja. Nimekaa kwenye kiti cha nje kwa saa mbili, nikaingia, nikamwambia nataka mwezi mmoja. Akanionyesha mkataba na saini yangu. Nikamwambia hiyo saini naijua, nataka mwezi mmoja. Tumevutana hadi tukafika siku kumi bila mshahara. Siku mbili za kuja na mbili za kurudi, kwa hiyo zinabaki sita. Ni chache. Sitakudanganya tena kwamba ni nyingi.

Nafika Jumamosi asubuhi. Mama asije kituoni na lile goti.

Mashine sitaigusa, hata ikiwa na kasoro gani. Noa patasi zako, au mwombe Mchomeleaji azinoe, na uweke mbao mbovu nyingi mezani, maana nitaziharibu. Mkono wangu haujui kitu, Mjomba, lakini umetulia. Kamata kifundo chake. Wewe useme, mimi nikate.

Msumari